Wanaume Watatu wa Mama

Wiki iliyopita umeme ulikatika mchana kutwa hapa Ijuganyondo, na binti anayenisaidia kazi za nyumbani akaitoa stoo pasi ya mkaa niliyodhani imeshaliwa na kutu. Mkaa ulipokolea, akakata kipande cha jani la mgomba, akakilaza chini na kuipitisha pasi juu yake ili kuondoa masizi kabla ya kuigusisha kwenye nguo. Jani lilitoa sauti ya kukaangika, moshi mwepesi ukapanda, na harufu ya ubichi unaoungua ikanifikia sebuleni nilikokuwa nimekaa. Ninyi mlio wa rika langu mnaijua harufu hiyo bila kuelezwa. Kwa wengi wetu ni harufu ya Jumapili, ya kujiandaa kwenda kanisani. Kwangu mimi ni harufu ya Jumamosi moja, miaka michache kabla ya Uhuru, katika majuma yale nilipoamini kwamba mama yangu anajiandaa kuolewa na wanaume watatu.

Tulikaa kijijini, upande wa Muleba, ndani ya kibanja ambacho migomba yake ilishuka mteremko mpaka pale mtu alipoweza kuliona ziwa likimeta kwa mbali. Baba yangu, Zakaria, tuliyemwita Taata kama watoto wote wa Kihaya wanavyowaita baba zao, alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, kibanda kisicho na kuta mbili, na humo alitengeneza milango, madawati ya shule, na majeneza. Mama yangu, Damari, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya misheni ya Kilutheri. Alikuwa amesoma hadi darasa la nane. Siku hizo, kwa mwanamke wa kijijini, jambo hilo watu walilitaja kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja ugonjwa wa ukoo.

Sisi watatu hatukuwa peke yetu. Shangazi Kokuteta, dada mkubwa wa Taata, alikuwa akiishi nasi tangu ndoa yake ya pili ilipovunjika. Alirudi na sufuria mbili na mkeka. Kibanja cha baba yao kilikuwa kimerithiwa na Taata, kwa sababu ardhi ya ukoo ilikwenda kwa wanaume, kwa hiyo Shangazi alilima na kupalilia migomba ambayo hata mkungu mmoja hakuweza kusema ni wake. Hakulalamika. Ila alikuwa na ulimi mkali, na nadhani ndiyo mali pekee aliyoondoka nayo kwenye ndoa zote mbili.

Taata alikuwa mtu wa siasa. Jioni, akishajikung'uta vumbi la mbao, alipanda baiskeli yake kwenda mikutano ya chama, mara nyingine mpaka Kemondo, na kurudi sauti ikiwa imemkauka kwa kuimba na kubishana. Mama, kwa kuwa ni mwalimu, alijiweka kando na chama. Alimsikiliza tu Taata akisimulia, huku akisahihisha hesabu za watoto, na mara mojamoja akauliza swali lililomfanya Taata anyamaze kidogo kabla ya kujibu.

Siku moja alasiri alikuja mgeni kutoka Bukoba mjini. Jina lake lilikuwa Bwana Salehe, fundi cherehani, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja Bukoba akitokea Pwani na misafara ya biashara. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu, nasi watoto tulipenda kumsikiliza kama tunavyosikiliza kinanda. Kwa kuwa hakunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, Shangazi alimletea kisahani cha kahawa ya kutafuna, naye akawa anazitafuna punje moja moja huku akizungumza na Taata barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikichezea bawaba.

"Uchaguzi unakuja," alisema Bwana Salehe. "Wa kwanza katika nchi hii. Lakini masharti yake, ndugu yangu, ni magumu. Mpiga kura awe amefika darasa la nane, au awe na mapato makubwa ya mwaka, au awe na cheo ambacho Serikali inakitambua."

"Na habari ya kura tatu ni kweli?"

"Kweli kabisa. Kura ni ya siri, na kila mpiga kura lazima achague watatu. Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mhindi mmoja. Ukimwacha hata mmoja, karatasi yako imeharibika."

Taata alitema ganda la kahawa. "Huo ni uonevu."

"Ni uonevu. Lakini wakubwa wa chama wameamua tuingie hivyo hivyo. Tukisusa, watachaguana wenyewe."

 Kisha Taata akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeuliza bei huku akijua hawezi kununua, "Na mimi?"

"Una darasa la nne, Zakaria. Na milango haikupi mapato wanayoyataka."

"Miaka yote hii naendesha baiskeli kwa ajili ya chama, mvua na jua..."

"Hata mimi sina kura," Bwana Salehe alimkatiza kwa upole. "Nina madrasa na cherehani. Hatuna, wewe na mimi. Humu ndani mwenye kura ni Mwalimu."

Ikatokea kwamba Mama alikuwa anakuja na sinia ya chai. Aliiweka mezani, akamimina kikombe cha mgeni, halafu cha Taata, bila kumwaga hata tone. "Nimesikia," alisema, akarudi ndani. Taata hakukigusa kikombe chake.

Jioni hiyo nilimfuata Shangazi jikoni. Alikuwa akimenya ndizi, maganda yakidondoka mbele ya miguu yake, na mikono yake ilikuwa imekuwa myeusi kwa utomvu.

"Shangazi, Mama atachagua nini?"

"Wanaume," alisema bila kuinua macho. "Wanaume watatu. Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Dunia imekwisha, mwanangu. Mimi hata mgomba sikuachiwa, mama yako anaulizwa habari za nchi nzima."

Hiyo habari ya nchi ilinipita. Nilibaki na wanaume watatu. Mwezi huo huo kijana wa jirani yetu alikuwa amechagua mchumba, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwenyewe kilichofuata: mitungi ya lubisi, wazee kukaa vikao, na mwishowe mtu mgeni kuhamia na sanduku lake. Kuchagua, kwangu, kulikuwa na maana hiyo moja tu.

Nikaanza kufikiri kwa namna mtoto anavyofikiri, yaani kuanzia kwenye vitanda. Tulikuwa na viwili. Mzungu pekee niliyemfahamu alikuwa yule wa misheni aliyekuja kukagua paa la kanisa, mwenye magoti mekundu na kaptula iliyosimama kama imepigwa ubao. Mhindi pekee niliyemfahamu alikuwa mwenye duka wa Kemondo, ambaye Taata alipokwenda kununua misumari alinipa peremende ya mnanaa kutoka kwenye chupa kubwa. Nikakiri moyoni kwamba Mhindi asingekuwa mbaya sana. Mzungu ndiye aliyenitisha, maana sikujua kama anakula ndizi. Lakini lililonikosesha raha kabisa lilikuwa la huyo Mwafrika mmoja. Waafrika walikuwa wengi. Nani alisema Mama angemchagua Taata?

Na Taata mwenyewe alikuwa kama mtu aliyekwisha kuachwa. Siku zilizofuata alihamia karakanani. Aliamkia huko, akala huko. Alipomwita Mama hakumwita tena Mama Kemi, kwa jina langu, bali "Mwalimu", kwa adabu kubwa, kama mzazi aliyekuja shuleni kuulizia mtoto wake. Sauti ya randa ilisikika mchana kutwa, na maranda yakarundikana mpaka kuku wakatagia humo.

Nikawasikia wakizungumza siku moja, Mama amesimama mlangoni pa karakana na daftari za shule kifuani.

"Wanaandikisha mpaka Jumamosi," alisema Mama. "Kwenye baraza la Serikali, Muleba."

"Sikukatazi. Nauliza tu watu watasemaje."

"Watasema mke wa Zakaria amejiandikisha."

"Ndiyo hivyo. Na Zakaria mwenyewe?"

"Sheria sikuitunga mimi, Baba Kemi."

Taata alipuliza vumbi kwenye ubao. "Basi niambie utamchagua nani."

"Bwana Salehe alisema ni siri."

"Siri kwa karani. Mimi ni mume wako."

"Hakusema isipokuwa mume," Mama alijibu, na alilisema bila ukali wowote, kama anavyomrekebisha mtoto aliyekosea kusoma neno. Halafu akaondoka.

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya rundo la mbao, nikisikia yote. Kumbe hata hataki kumwambia. Kumbe ni kweli.

Ijumaa niliporudi shuleni nilikwenda moja kwa moja kwa Taata. Alikuwa akipiga msasa kifuniko cha jeneza dogo, la mtoto, na labda ndiyo maana uso wake ulikuwa umelegea. Nilisimama mbele yake, nikauliza swali nililoona ndilo lenye haraka zaidi.

"Taata, yule Mzungu atalala wapi?"

"Mzungu gani?"

"Wa Mama."

Aliweka msasa chini. "Mama yako ana Mzungu?"

"Atakayemchagua. Na yule Mhindi." Hapo machozi yalinishinda, nikasema yote kwa pamoja. "Na wewe ukiondoka nataka kwenda na wewe, lakini sitaki kumwacha Mama, na Shangazi naye hana pa kwenda."

 Bega la Taata likaanza kutikisika, na kabla sijajua ni kilio au nini, akacheka. Alicheka mpaka akaegemea jeneza, akajishtukia, akasogea pembeni, akacheka tena akiwa ameshika magoti. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Bwana Salehe alipoondoka. Nikakasirika sana.

Alipopata pumzi alinikalisha juu ya benchi lake la kazi, kati ya patasi na makopo ya gundi. "Sikiliza, mwanangu. Hakuna mtu atakayehamia hapa. Kuna nyumba kubwa Dar es Salaam ambamo watu hukaa na kuamua mambo ya nchi. Serikali inamwuliza mama yako: nani aende kukaa humo? Yeye anajibu. Kura ni jibu, basi."

"Anajibu yeye peke yake?"

"Hapa kwetu, ndiyo."

"Kwa nini hawakuulizi wewe?"

"Wanaona sijasoma vya kutosha."

"Na Shangazi?"

"Shangazi hata kidogo."

"Na Bwana Salehe?"

"Wala yeye."

"Kumbe ni Mama tu," nilisema. Nilikuwa nimetulia sasa, nikiwaza tu jinsi ilivyo kazi kubwa kujibu kwa niaba ya watu wote hao. "Masikini Mama."

 Taata alichukua tena msasa, akaupitisha mara mbili tatu kwenye mbao, akasimama. Aliangalia upande wa nyumba, ambako Mama alikuwa akianua nguo. "Nilimkasirikia asiyehusika," alisema, na nadhani hakuwa akiniambia mimi.

Kesho yake asubuhi niliamshwa na ile harufu. Nikadhani nimepotea siku na kwamba ni Jumapili. Jikoni nilimkuta Shangazi Kokuteta, yeye mwenyewe aliyekuwa akisema dunia imekwisha, amepiga magoti juu ya mkeka na pasi mkononi, akilinyoosha gauni jeupe la Mama, lile la Pasaka. Alikuwa akipitisha pasi juu ya jani la mgomba, akiirudisha kwenye kola, akipuliza mkaa, akirudia. Nilipomwangalia kwa mshangao alinigeukia kwa ukali.

"Unatazama nini? Akienda na gauni la mikunjo watasema wifi zake ni wavivu."

Nje Taata alikuwa akijaza upepo tairi za baiskeli. Alikuwa amefunga gunia lililokunjwa juu ya keria ili Mama asiumie. Mama alipotoka, amevaa gauni na kitambaa cha kichwa, wote wawili walisimama kidogo kama watu wanaokutana njiani. "Panda, Mama Kemi," alisema Taata. "Jua litatukuta mlimani." Mimi nilikalishwa mbele kwenye bomba, na tukaenda hivyo watatu, tukishuka milima na kusukuma baiskeli kwenye miinuko, nyasi za rweya, mbuga zetu za wazi, zikiinama pande zote mbili za barabara.

Barazani Muleba kulikuwa na wanaume tupu. Makatibu, walimu, wafanyabiashara wa kahawa waliovaa makoti, na Wahindi wawili wenye maduka. Mazungumzo yalikatika tulipofika. Zamu yetu ilipowadia, karani, kijana mwenye miwani, alimwonyesha Taata kiti na kumwambia Mama, bila kumtazama, "Wewe mama, subiri pale nje na mtoto."

Taata hakukikalia kile kiti. Ilikuwa ndiyo saa aliyoiogopa wiki hizo zote, saa ya kulazimika kusema kwa kinywa chake mbele ya watu. Alivua kofia.

"Mwenye haki ni yeye," alisema. "Mimi ni mwenye baiskeli."

Watu walicheka. Taata naye alicheka, kicheko cha nusu, lakini hakuondoka. Alikivuta kile kiti na kumwekea Mama. Karani alirekebisha miwani, akauliza jina. Mama alilisema lote, jina la ubatizo na jina la Kihaya alilopewa na bibi yake. Akaulizwa elimu, akajibu. Akaulizwa kama anaweza kuandika, mmoja wa wenye makoti akaguna, na Mama akachukua kalamu na kuandika polepole, herufi za mwalimu wa darasa la kwanza, kubwa, za duara, ambazo hata mimi niliyekuwa nikijifunza kusoma niliweza kuzisoma nikiwa nimesimama upande wa pili wa meza.

 Njiani kurudi, tulipofika mahali ambapo ziwa linaonekana lote, Mama alisema nyuma ya mgongo wa Taata, "Karani hakuniuliza mimi ni mke wa nani." Taata aliendelea kukanyaga pedali. Baada ya muda akasema, "Nilisikia." Alikuwa akihema kwa mlima, sikuweza kujua lililokuwa sautini mwake.

Miezi ikapita. Senene wakaja na kwisha, kahawa ikaanikwa. Mama alijiandaa kwa kura kama alivyojiandaa kwa masomo yake yote. Alisoma kila gazeti lililofungiwa sukari. Aliwauliza wapita njia kutoka mjini juu ya huyu na yule. Shangazi naye akaanza kumuuliza maswali wakimenya ndizi, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa kutaka kujua kweli.

Ndipo siku moja jioni, jua bado halijazama, tukasikia kengele ya baiskeli ikilia mfululizo kutoka barabarani. Bwana Salehe alikuwa anakuja kasi, kanzu ameikusanya kiunoni.

"Tumeshinda!" alipaza sauti kabla hajashuka. "Wagombea wetu wote watatu wa jimbo wamepita! Hakuna aliyejitokeza kuwapinga!"

Majirani walitoka kwenye vibanja vyao. Vigelegele vikapigwa, mtungi wa lubisi ukaletwa, mtu akaleta ngoma. Taata alimbeba Bwana Salehe juujuu, fundi wa watu akilalamika juu ya kanzu yake. Nami niliruka na watoto wenzangu bila kujua sababu.

Mama alikuwa amesimama kizingitini. "Bwana Salehe," aliita. Ilibidi aite mara ya pili. "Kwa hiyo kura itapigwa lini?"

"Haitapigwa, Mwalimu! Haina haja tena. Wamepita bila kupingwa!" Aliinua mikono kama mtu anayetoa zawadi.

"Nimefurahi," alisema Mama. Alimpa mkono wa pongezi, akawasalimu majirani wote mmoja mmoja kwa heshima, halafu akaingia jikoni.

Nilimfuata kwa sababu nilihisi njaa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ndizi ambazo hazijamenywa zikiwa mapajani, mikono imetulia juu yake. Hakuwa akilia. Alikuwa akitazama moto. Sikuelewa jinsi mtu anavyoweza kushinda na kukaa hivyo, na nilipokuwa bado nasita pale, mwanga wa mlangoni ukazibwa. Alikuwa ni Taata. Wanaume wa kwetu hawakuwa na kazi jikoni; aliinama chini ya moshi kama mgeni asiyejua pa kukaa.

"Wanakuulizia," alisema.

"Nakuja. Niweke chakula kwanza."

Hakuondoka. Nje walikuwa wakiimba, na sauti yake ndiyo iliyokosekana katika wimbo huo, kila mtu angeijua. "Ulikuwa umeshaamua?" aliuliza. "Wote watatu?"

"Wote watatu," alisema Mama. "Yule wa tatu alinichukua muda."

Taata alitoka. Nilidhani amerudi kwa wenzake, lakini alielekea karakanani, akarudi na kipande cha mbao nyembamba, kimepigwa randa mpaka kimekuwa laini kama karatasi, na ile penseli nene ya useremala aliyozoea kuibana sikioni. Akampa Mama vyote viwili. Kisha akanishika bega, akanigeuza nitazame ukuta, naye akageuka akasimama kando yangu, uso wake karibu na matope yaliyopakwa masizi, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Usigeuke," aliniambia.

 Kisha tukaisikia penseli ikikwaruza mbao. Ikasimama. Ikakwaruza tena. Mara ya tatu ilichelewa sana, na nilitamani kugeuka, lakini mkono wa Taata ulikuwa mzito shingoni mwangu, na nilipomtazama kwa chini niliona amefumba macho kabisa, ingawa mbele yake hapakuwa na kitu ila ukuta. Mkwaruzo wa tatu ukaja. Baadaye tukasikia mbao ikianguka motoni, na moto ukiishika.

"Umemaliza?" aliuliza Taata, bado ameelekea ukutani.

"Nimemaliza," alisema Mama, na akaanza kumenya ndizi.